Mzani Mmoja

Mashine hii ilitujia kutoka benki moja ya Mbale,
imefungwa kamba za katani kama mbuzi wa mahari,
kumbukumbu yake megabaiti mia tano na kumi na mbili,
feni yake inakohoa.
Nikafuta mfumo wake wa kale, nikapanda mwingine
wa ukoo wa Yuniksi, mkavu, usio na mapambo:
skrini nyeusi, kishale kinapepesa,
kinangoja neno.

Woniala akauliza: hifadhidata ipi?

Alisoma Kampala, ana haki ya kuuliza.
Akaitaka ile kubwa, yenye seva na mlinzi langoni,
kila mtumiaji na nywila yake,
watu elfu wakiandika kwa pamoja.
Elfu gani? nikamwambia.
Hapa ghalani Budadiri tuko watatu,
na mmoja wetu ni mzani.

Tuliiweka hata hivyo.
Ikaikalia kumbukumbu yote
kama mgeni aliyevua viatu akaitisha chai ya pili.
Kisha Oktoba, kahawa imeiva hadi njiani,
mvua ikashuka kutoka Wagagai saa tatu usiku
na umeme ukaondoka bila kuaga.
Asubuhi ile kubwa haikuamka.
Ilitoa ukurasa mzima wa malalamiko
na hakuna hata kilo moja ndani yake.

Neumbe akaja na kijikaratasi chake.
Kimelowa. Nne inasomeka;
tarakimu ya pili ni tatu, au ni nane.
Niliziandika kilo zako, nikamwambia.
Akatazama meza, akatazama skrini:
Uliziandika wapi?

Usiku huo nikaanza upya, na taa ya betri.

Kwanza faili tupu za maandishi, mistari na mikato.
Zilinifaa siku nne,
hadi akaja Neumbe mwingine, wa Bumasifwa,
na kahawa ya huyu ikalala kwa jina la yule.

Kisha ile ya ufunguo na thamani, nyepesi kama unyoya.
Itajie jina, inakupa mtu wake papo hapo.
Iulize nani kaleta zaidi ya kilo mia mwezi huu,
inakutumbulia macho.

Ya tatu haina seva.
Haina lango wala mlinzi wala chumba chake;
inaingia ndani ya programu kama chumvi kwenye mchuzi,
na mali yake yote ni faili moja
ninayoinakili kwa amri ya herufi mbili.
Kabla ya kugusa ukurasa huandika kando kwanza
inachotaka kufanya,
kama mtu anayejijua kuwa anaweza kufa katikati ya sentensi.

Sikuiamini.
Nilichomoa waya mwenyewe, ikiwa inaandika.
Mara ishirini. Woniala alihesabu kwa sauti,
nadhani akiomba ikosee.
Mara ishirini iliamka ikijua ilipofikia.
Mara ya ishirini na moja alichomoa yeye.

Ina aibu yake, sifichi:
anayeandika ni mmoja kwa zamu,
wengine wasome, wasubiri.
Na tukinunua mzani wa pili? akasema Woniala.
Nikafungua dirisha.
Foleni ilifika hadi kwenye kinu, magunia mgongoni,
na mbele yake chuma kimoja chenye kutu,
sahani moja, mshale mmoja.
Hakusema kitu. Habari ya pua na makamasi
alifundishwa na nyanyake, hakuhitaji nimkumbushe.
Tukinunua, nikasema, tutaulizana tena.

Safu ya kwanza ya faili jipya niliiandika mimi.
Neumbe, wa Budadiri. Tarehe.
Kile kijikaratasi kimekauka sasa, kimejikunja,
na hakuna hifadhidata duniani, kubwa wala ndogo,
inayojua mvua ilifuta nini.
Tatu, au nane.

Nikaandika nane.